Tarehe ya Wauza Pikipiki wa Kasongo na Kabambare

Atakaye kuandika tarehe ya biashara ya pikipiki katika kusini ya Maniema, mashariki ya Kongo, hana budi kuanza na njia kabla ya chombo, kwa kuwa njia ilitangulia, na wenyeji wake walikwisha kuwa watu wa safari zamani, kabla injini ya kwanza haijanguruma katika nchi hii. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya Tippu Tip, alipofika Kasongo kiasi cha mwaka 1875 na kuufanya mji huo makao ya milki yake, misafara ilikuwa ikitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapanda milima ya ng'ambo na kutua Kabambare, kisha ikashuka hata Kasongo na Nyangwe penye mto Lualaba. Pembe za ndovu zilichukuliwa mabegani mwa watu, na wengi wa watu hao walikuwa watumwa. Mwandishi mwenye insafu hawezi kuitaja njia hiyo kwa fahari na kuunyamazia msiba huo. Lakini njia hiyo hiyo ndiyo iliyoleta mpunga, ambao hata leo ni zao kubwa la Maniema, pamoja na lugha hii niandikayo. Majeshi ya Dhanis, ofisa wa Kibelgiji, yaliiteka Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, na Kabambare ikaangukia mikononi mwao Januari ya mwaka uliofuata. Watawala walibadilika, njia ilibaki mahali pake.

Reli ya Kindu hata Kongolo ilikamilika mwaka 1910, nayo ilipita magharibi ya Lualaba, ilhali Kasongo iko mashariki, hivyo mtu wa Kasongo na Kabambare aliendelea kuitegemea barabara ya udongo. Ilikuwako zama ya malori, nayo ikadhoofika pole pole kadiri madaraja yalivyooza na mvua zilivyochimba makorongo yasiyofukiwa. Na vita vya 1996 na 1998 vilipoikumba mashariki ya Kongo, mzigo wa nchi uliangukia baiskeli. Vijana walizisukuma kwa miguu siku nyingi msituni, mpunga na mawese vikiwa vimefungwa juu yake hata chombo chenyewe kisionekane. Katika wasukumaji hao ndimo walimotoka wengi wa wapanda pikipiki wa baadaye, na kwa maoni yangu ndiyo sababu wamotari, yaani hao wapanda pikipiki, wa Maniema wana subira na mzigo kuliko wenzao wa miji mikubwa.

Pikipiki haikuwa ngeni kabisa. Mapadri, matabibu na maofisa walikuwa nazo tangu zamani, na Yamaha AG100 ilikuwa ikifahamika katika misheni na vituo vya afya vingi vya Afrika. Jipya lililokuja baada ya vita ni kwamba chombo kilitoka katika mikono ya ofisi kikaingia katika mikono ya raia. TVS na Bajaj za India, na nyingine za China, hushushwa Dar es Salaam au Mombasa, zikasafirishwa hata Bukavu au Uvira, aghalabu zikiwa zimefungwa makashani, usukani na gurudumu la mbele vimetengwa. Na muuzaji, au fundi wake, ndiye anayeziunga. Hapo ndipo kazi yake inapoanza, na hapo ndipo mtu hutambua kama huyu ni mchuuzi tu au ni mpenzi wa chombo.

Muuzaji wa kweli hupanda. Hawezi kumweleza mnunuzi habari za spoki na mnyororo ikiwa yeye mwenyewe hakupata kuinyanyua pikipiki kutoka katika tope la masika, wala kuipakia mtumbwini ili avushwe mto uliovunjikiwa daraja. Kati ya Kasongo na Kabambare pana zaidi ya kilomita 100, na barabara hiyo humhukumu muuzaji kwa haki kuliko mnunuzi yeyote: breki aliyoisifu dukani itajaribiwa mteremkoni, na tairi aliyoiuza kwa bei ya juu itaonekana thamani yake penye mawe. Honda Soichiro wa Japani, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1948, alikuwa fundi wa gereji na mshindani wa mbio kabla hajawa tajiri. Na Super Cub aliyoitoa mwaka 1958, ambayo kufikia 2017 ilikuwa imeundwa zaidi ya milioni 100, ilitokana na mtu aliyejua kwa mwili wake mwenyewe kile ambacho mpandaji anakitaka. Tofauti ya mali kati yake na muuzaji wa Kasongo ni kubwa mno. Mahaba yao ni ya namna moja.

Kabambare ina dhahabu ya Namoya, iliyochimbwa tangu siku za Wabelgiji, na kampuni ya Banro ya Kanada ilianza uzalishaji wake rasmi wa kibiashara huko mwaka 2016, kabla ya kusimamisha kazi mwaka 2019 kwa sababu ya usalama. Wachimbaji wadogo hawakuondoka, na riziki yao huwalisha wamotari wanaowapelekea unga, samaki wakavu na mafuta. Njia ya dhahabu ina watu wenye silaha na vizuizi vya kutozwa fedha, na mara nyingi motari hulipa kabla hajapata faida. Naona uchungu kwamba vijana wenye ustadi mkubwa namna hii wanatajwa zaidi katika habari za ajali kuliko katika habari za mama mjamzito aliyefikishwa hospitali usiku, au za chanjo iliyofika kijijini ingali baridi ndani ya sanduku lake.

Muuzaji huyajua hayo, maana ndiye anayekopesha. Kijana asiye na mtaji hupewa chombo kwa dhamana ya jamaa zake, akarejesha fedha kidogo kidogo hata pikipiki ikawa yake. Akiugua, muuzaji mwema humwongezea muda. Akifa njiani, wenzake huja kumzika kwa msururu wa pikipiki, na muuzaji huwa miongoni mwao, juu ya pikipiki yake. Wanafunzi wa karakana yake hujifunza kusafisha kabureta kwanza na kufungua injini baadaye, na aliyehitimu huenda kufungua kibanda chake Kabambare, au Salamabila penye machimbo ya Namoya, kwa vipuri vya mkopo, ambavyo mwalimu wake humpelekea mwenyewe, barabara ikiruhusu.