Asili ya Bonde la Wembere na Ziwa Kitangiri

Msafiri atokaye Singida kwenda Nzega hufika Sekenke, ambako uwanda wa juu wa Iramba hukatika ghafla, na barabara huteremka hadi nchi tambarare ya Wembere. Wakati wa kiangazi huona udongo mweusi uliopasukapasuka. Wakati wa masika huona maji na matope. Kaskazini ya hapo limo Ziwa Kitangiri, ziwa pana lenye kina kifupi. Je, Wembere ni nchi kavu ipatwayo na mafuriko, au ni ziwa likaukalo? Jibu limo katika miamba, na kwa sehemu limo katika lugha.

Msingi wa nchi hii ni matale, yaani mawe yale magumu yaonekanayo kwa marundo kuuzunguka mji wa Singida. Umri wake wapita miaka milioni 2,500. Kando ya matale hayo iko miamba mingine ya kale, na ndani yake dhahabu ya Sekenke ilichimbwa tangu zama za Wajerumani. Msingi huo ni mnene na mgumu, wala haupasuki kwa urahisi.

Bonde la Ufa, lililopata umaarufu kwa kitabu cha J. W. Gregory cha mwaka 1896, laonekana katika Kenya kama handaki moja lenye kuta mbili. Liingiapo kaskazini ya Tanzania hukutana na msingi huo wa kale, likagawanyika matawi matatu: Pangani upande wa mashariki, Natron na Manyara katikati, na Eyasi na Wembere upande wa magharibi. Wataalamu walibishana juu ya sababu ya ufa. Gregory alishika kwamba nchi ilivutwa pande mbili. Bailey Willis, mwaka 1936, alishika kwamba ilibanwa. Vipimo vya siku hizi vimethibitisha kwamba nchi yavutwa, kwa milimita chache tu kila mwaka.

Katika tawi la magharibi nguvu hiyo imefanya kazi nusu. Eyasi ina ukuta mrefu upande wa kaskazini-magharibi. Wembere ina ukuta wa Sekenke upande wa mashariki, na ng’ambo yake nchi huinuka polepole bila ukuta wa kulingana nao. Kuelekea kusini ufa hufifia. Kwa hiyo bonde hili ni mfano wa sahani iliyoinamishwa, si wa handaki, na maji yake hutandaa badala ya kuzama.

Kwamba maji hayo ni ya kale, mifupa yashuhudia. Katika bonde la Mto Manonga, ambao hupeleka maji yake Wembere, yamechimbuliwa mabaki ya viboko, samaki na wanyama wa jamii ya tembo, yenye umri wa miaka milioni 4 hadi 5 na zaidi. Habari zake zilikusanywa katika kitabu kilichohaririwa na Terry Harrison mwaka 1997. Kiboko na samaki hawaishi pasipo maji. Tope la mito limeendelea kujaza sakafu ya bonde tangu hapo. Kitangiri hutoa maji yake kwa Mto Sibiti hadi Eyasi. Eyasi haina mlango wa kutokea, maji yake huchukuliwa na jua, na magadi hubaki.

Watu wa bara waliliita bonde la udongo mweusi litwamalo maji kwa majira kuwa ni mbuga, na wataalamu wa udongo walilichukua neno hilo katika maandishi yao ya Kiingereza kwa maana hiyo hiyo. Katika Kiswahili cha leo mbuga imekuwa nyika wazi, au hifadhi ya wanyama. Maji yametoka katika neno. Upotevu huo si mdogo. Aliyejua mbuga kwa maana ya kale alipanda mpunga ndani yake na kujenga nyumba yake juu kando. Asikiaye leo kwamba mbuga ni uwanja mtupu hujenga katikati, na mvua kubwa ijapo husema ziwa limemvamia. Ziwa halikumvamia mtu. Limerudi katika sakafu yake.