Viola Desmond na Senti Moja ya Kodi

Viola Desmond alikuwa msusi na mfanyabiashara Mweusi wa Halifax, mji mkuu wa jimbo la Nova Scotia nchini Kanada. Mwaka 1946 alikataa kuhama kiti katika sehemu ya jumba la sinema iliyotengwa kwa ajili ya Wazungu. Alilazwa mahabusu, akatozwa faini, na mahakama ya juu nayo ikamnyima haki. Hayo yalitokea miaka tisa kabla mwanamke Mweusi Rosa Parks hajakataa kunyanyuka kitini katika basi la Montgomery, Marekani.

Alizaliwa Halifax tarehe 6 Julai 1914. Alianza na ualimu, kisha akageukia urembo. Vyuo vya urembo vya Halifax havikupokea Weusi, hivyo ilimlazimu kwenda kusomea Montreal, Atlantic City na New York. Aliporudi alifungua saluni katika Mtaa wa Gottingen, pembeni mwa duka la kinyozi la mumewe, Jack. Baadaye alianzisha chuo chake mwenyewe, akawafundisha wasichana waliofungiwa milango kama yeye. Alikuwa pia na vipodozi vyake, ambavyo aliviuza sehemu mbalimbali za jimbo.

Tarehe 8 Novemba 1946 alikuwa njiani kuelekea mji wa Sydney, jimboni humo, kwa shughuli hizo gari lilipomharibikia katika mji wa New Glasgow. Fundi alimwambia asubiri hadi kesho yake. Ili kupitisha jioni, akaenda kutazama filamu katika jumba la sinema la Roseland.

Aliomba tiketi ya viti vya chini, maana macho yake hayakuona mbali vizuri. Alipofika mlangoni aliambiwa kuwa aliyopewa ni ya ghorofani. Akarudi dirishani kuibadilisha, na mkata tiketi akamjibu kwamba hakuruhusiwa kuwauzia watu kama yeye tiketi za chini. Hapo ndipo alipoelewa. Hakubishana, aliingia tena ukumbini, akaketi chini. Meneja akaja, akaita polisi, na wanaume wawili wakamnyanyua na kumtoa kwa nguvu. Aliumia nyonga, kiatu kikamvuka. Usiku kucha alikaa wima katika chumba cha mahabusu, na glavu zake nyeupe mikononi.

Asubuhi alifikishwa mbele ya hakimu bila wakili, wala hakuelezwa kwamba ana haki ya kuwa naye. Kilichofuata ndicho kinachoipa kesi hii uzito wake wa kihistoria. Hakuna sheria ya Nova Scotia iliyoamuru Weusi wakae ghorofani katika sinema; ulikuwa utaratibu wa wenye sinema tu. Kwa hiyo ilitafutwa sheria nyingine. Tiketi ya chini iliuzwa senti 40, kodi ya burudani ya senti 3 ikiwemo. Ya ghorofani senti 30, pamoja na kodi ya senti 2. Desmond akashtakiwa kwa kulikosesha jimbo kodi ya senti moja. Alieleza kwamba alikuwa tayari kulipa tofauti na akakataliwa, lakini utetezi huo haukumsaidia. Alitozwa faini ya dola 20 na gharama za dola 6, na fedha hizo za gharama zilikwenda kwa meneja yuleyule aliyemshtaki. Suala la rangi halikutajwa kabisa katika kesi hiyo. Ubaguzi ulipita mahakamani ukiwa umevishwa joho la kodi, na huo ndio uovu mkubwa zaidi wa hukumu ile.

Halifax haikuwa na kauli moja. Mumewe alimshauri ayaache yapite. Chama cha kutetea maendeleo ya Weusi wa Nova Scotia, kilichoundwa mwaka 1945, kilimchangia fedha za kesi, na Carrie Best, mhariri wa gazeti la The Clarion la New Glasgow, alilitangaza tukio hilo. Best mwenyewe alikuwa amewahi kuishtaki sinema hiyohiyo na kushindwa. Wakili Frederick Bissett aliiomba Mahakama Kuu ya jimbo iifute hukumu. Mwaka 1947 ombi lilitupwa kwa hoja ya utaratibu: ilipasa kukata rufaa, na muda wake ulikuwa umepita. Hata hivyo, mmoja wa majaji alihoji kama sheria ya kodi haikutumiwa kwa hila kutekeleza ubaguzi. Bissett hakudai ujira wake, na fedha hizo zikabaki kwa chama.

Desmond alihama baadaye, akafia New York tarehe 7 Februari 1965.

Dada yake, Wanda Robson, aliyerudi chuo kikuu uzeeni, ndiye aliyeifufua habari hii. Tarehe 15 Aprili 2010 Luteni Gavana Mayann Francis, mwanamke Mweusi, alitia saini msamaha uliotamka kwamba Desmond hakuwa na hatia, na serikali ya jimbo ikaomba radhi. Mwaka 2018 sura yake iliwekwa kwenye noti ya dola 10 ya Kanada. Mwaka 2021 serikali ya Nova Scotia ilirudisha fedha alizotozwa. Robson alizielekeza katika ufadhili wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cape Breton.