Makaa na Maji ya Rangi

Msomaji, ukipita Makina, katika Kibera, mjini Nairobi, utaona nguo za kila rangi zimetundikwa, na mafundi wakizishona kwa cherehani. Rangi ni pambo la mwili na furaha ya macho. Walakini rangi isiyochujuka nguoni ndiyo isiyoondoka upesi majini. Maji machafu ya viwanda vya kutia nguo rangi yakiingia mtoni huzuia mwanga wa jua, mimea ya majini ikadhoofika. Na baadhi ya rangi ni sumu. Yafaa basi tujue dawa ya taabu hii ilipatikanaje.

Zamani rangi zilitoka katika mizizi, majani na wadudu. Mwaka 1856, mjini London, kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kwa vitu vilivyotoka katika lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata, alipata rangi ya zambarau. Tangu hapo viwanda vya rangi vikaenea ulimwenguni, na mito mingi ikabadilika sura.

La ajabu ni kuwa dawa ilionekana kabla ya ugonjwa. Mwaka 1785, nchini Urusi, mwanakemia Johann Tobias Lowitz aligundua ya kuwa makaa ya kuni, ndugu wa makaa yapikiayo chai Makina, huondoa rangi katika vimiminika. Rangi hunata juu ya uso wa makaa kama vumbi linavyonata katika utando wa buibui. Ndani ya kila kipande mna vitundu vidogo mno, na kuta za vitundu hivyo nazo ni uso. Mwaka 1900 na 1901 Raphael von Ostrejko alipata hati za uvumbuzi wa kuviongeza vitundu hivyo kwa joto kali, mvuke na kemikali. Gramu moja ya makaa ya namna hiyo yaweza kuwa na uso wa meta za mraba zaidi ya 500.

Lakini makaa hayo ni ghali. Kwa hiyo wataalamu wamegeukia vitu vinavyotupwa: magunzi ya mahindi, maganda ya kahawa, makapi ya miwa, hata magugu maji. Magugu hayo yalilivamia Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 kando ya Kibera. Nayo yakikaushwa na kuchomwa pasipo hewa nyingi hugeuka makaa yawezayo kunasa rangi. Adui wa maji amekuwa mtumishi wake.

Walakini, rangi iliyonaswa haikufa. Makaa yakishiba hayana budi kusafishwa au kuteketezwa kwa uangalifu. Yakitupwa ovyo, sumu hurudi ilikotoka. Tazama njia ya maji: kutoka bwawa hilo Mto Ngong hupita eneo la viwanda, hukutana na Mto Nairobi, kisha Mto Athi, hata hufika Bahari ya Hindi karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Njiani wako wakulima, wachungaji na watoto wasioijua rangi ya nguo iliyowachafulia maji. Elimu imekwisha tupa makaa. Kilichobaki ni haki, kwamba atiaye nguo rangi ndiye ayasafishe maji, wala asimwachie mzigo aishiye chini ya mto.