Treni ya Bububu na Mshukiwa Asiye na Hatia

Muulize mtu jina la Bububu limetoka wapi, mara nyingi atakwambia ni mlio wa treni. Treni kweli ilikuwepo: mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani iliunganisha Ngome Kongwe na Bububu kwa reli. Lakini Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliishi Bububu kabla hajaondoka Unguja mwaka 1866, na katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 anapaita kwa jina hilohilo. Treni ililikuta jina.

Vitu viwili vikionekana pamoja, tunakimbilia kusema kimoja kimezaa kingine. Historia ya saratani ya shingo ya kizazi imejaa treni za namna hii.

Mwaka 1842 daktari Mtaliana, Domenico Rigoni-Stern, alipekua daftari za vifo za Verona akaona saratani ya kizazi ilikuwa adimu kwa masista kuliko kwa wanawake walioolewa. Kuanzia hapo macho yakageukia kitanda, na wenye ndimi kali wakageukia tabia. Washukiwa wakapangwa foleni: kaswende, kisonono, kisha katika miaka ya 1960 na 1970 kirusi cha hepesi. Ndipo Harald zur Hausen na wenzake huko Ujerumani, mwaka 1983 na 1984, wakakuta ndani ya uvimbe kirusi cha HPV, aina ya 16 na ya 18. Mwaka 2008 akapewa Nobel.

Je, bakteria wameachiwa huru? Si kabisa. Kirusi hiki huwapata watu wengi, na kwa kawaida mwili hukifukuza wenyewe ndani ya miaka miwili. Hatari ni kile kinachong'ang'ania. Ukeni wamo bakteria wema wanaotengeneza asidi na kulinda mlango. Wakipungua, HPV huelekea kukaa zaidi. Klamidia nayo, ambayo kwa miongo kadhaa ilidhaniwa ni kirusi hadi miaka ya 1960, huleta uvimbe wa ndani, na tafiti kadhaa zimeikuta ikiandamana na seli zilizobadilika, ingawa si zote zinazokubaliana. Basi bakteria ni mwenzake mwizi: si yeye anayeiba, ila huweza kuushikilia mlango.

Tofauti hiyo si ya maabara tu. Kwetu mwanamke akiona uchafu usio wa kawaida ataambiwa ni chango, au atanunua vidonge dukani. Uchafu ukikata, anahesabu yamekwisha. Bakteria lazima watibiwe, na mume naye atibiwe, lakini dawa ya bakteria haiui kirusi, wala haifuti seli zilizokwisha kugeuka.

Kinachoziona ni uchunguzi. Mhudumu hupaka shingo ya kizazi siki nyepesi na kutazama kama patageuka peupe. Pakigeuka, panaweza kutibiwa kabla ya saratani. Chanjo iliingia nchini mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mama zao haikuwafikia, na hao ndio wanaohitaji siki.

Wengi hawaendi kwa kuona haya, maana ile hesabu ya Verona bado inasomwa kama hukumu. Si hukumu. Mke asiyemjua mwanamume mwingine ila mumewe naye hupata HPV. Dada, shangazi, bi mkubwa: nendeni mkapimwe.