Sinema ya Kuchekesha: Wingi na Ubora

Ninyi mlio darasani, wekeni madaftari tayari. Swali letu la leo ni hili: Je, filamu ya kuchekesha iliyotazamwa na watu wengi ndiyo filamu bora?

Tuanze nyumbani. Mwaka 1960 mtengenezaji wa filamu kutoka Marekani, Howard Hawks, alikuja Tanganyika na waigizaji wake. Mpaka mwaka 1961 walipiga picha huko Momella, karibu na Mlima Meru, na mahali pengine. Filamu yao ilipewa jina la Kiswahili, Hatari!, nayo ilitoka mwaka 1962. Ni habari za watu wanaokamata wanyama hai, na ndani yake mna vichekesho vingi. Ndama watatu wa tembo wanamfuata mwanamke mmoja kila aendako, hata mjini Arusha. Ikawa miongoni mwa filamu zilizoingiza fedha nyingi Marekani mwaka ule.

Je, wingi huo watosha? Mkulima wa kahawa wa Meru anaweza kutujibu. Kahawa yake hupimwa kwa mizani, lakini kazi haijaisha. Punje hupangwa kwa madaraja, na wajuzi huionja. Mizani husema uzito; haisemi ladha. Hesabu ya tiketi nayo ni mizani tu.

Basi tuionje filamu hiyo. Wanyama ni wa kweli, na waigizaji wenyewe walipanda magari kuwakimbiza. Mpiga picha wake, Russell Harlan, alipendekezwa kupewa tuzo ya Oscar. Huo ni ubora. Lakini wakuu wa hadithi wote ni wageni. Wenyeji wanaonekana zaidi kama wasaidizi, na filamu ilipotoka nchi ilikuwa imekwisha kupata uhuru, tarehe 9 Desemba, 1961. Kasoro hiyo haionekani katika hesabu ya tiketi.

Sasa mfano wa kinyume. Buster Keaton, mchekeshaji wa Marekani, alitengeneza The General, habari za dereva wa gari moshi. Ilipoonyeshwa mwaka 1927 haikupata fedha zilizotazamiwa. Mwaka 1928 Keaton aliingia kampuni kubwa ya MGM, na uhuru wake wa kutunga ukapungua. Mwaka 1989 Maktaba ya Bunge la Marekani iliichagua The General miongoni mwa filamu 25 za kwanza za kuhifadhiwa. Sifa hiyo Keaton hakuiona. Alikuwa amefariki mwaka 1966.

Tusidharau wingi. Kuwachekesha watu wengi si kazi ndogo, na fedha za tiketi ndizo zinazolipa filamu ijayo. Lakini hesabu hutuambia ni wangapi walioingia. Haituambii walitoka na nini. Hilo ni juu yetu kulipima.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Mizani ya kahawa inafananaje na hesabu ya tiketi?
2. Taja kichekesho ulichokipenda. Je, ulicheka kwa sababu kilikuwa kizuri, au kwa sababu wenzako walicheka?

Kwaherini mpaka somo lijalo.