Homoni, Dopamini na Msamiati wa Unyago

Mwaka 1905 Ernest Starling, mtaalamu wa fiziolojia mjini London, aliingiza katika sayansi neno homoni, lililotokana na kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kuchochea. Mwaka uliofuata Mjerumani Karl Weule alifika Masasi na Newala, akaandika habari za unyago. Umri ule ule ulikwisha kuwa na mafundisho yake huko. Kiswahili nacho kilikuwa na mwali, kungwi na kuvunja ungo.

Maneno hayo hutaja badiliko la mwili na la hadhi. Hayataji yatendekayo ubongoni. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Uswidi na wenzake walionyesha kuwa dopamini ina kazi yake yenyewe katika ubongo. Majaribio ya baadaye, hasa ya panya jike, yalidhihirisha kuwa estrojeni yaweza kuongeza utoaji wa dopamini katika sehemu zihusikazo na mwendo na hamu ya kutenda.

Mfasiri na ajihadhari na neno "kichocheo". Likitumika kwa homoni na kwa dopamini pia, mwanafunzi ataviona viwili kuwa kimoja. Homoni husafiri katika damu. Dopamini hupeleka ujumbe baina ya seli za neva. Kitenzi nacho kiwe "huathiri", wala si "huamua": homoni hubadili nguvu ya ujumbe tu. Mwalimu akikosea hapo, atamfunza mwali kwamba damu yake imekwisha kumwamulia mwenendo.