Mahele, jemadari aliyeitwa saa ya mwisho

Februari 1997 ilipoanza, Kalemie iliingia mikononi mwa waasi wa AFDL. Majuma mawili tu yalikuwa yamepita tangu serikali ya Kinshasa itangaze, Januari 20, kwamba jeshi limeanza mashambulizi ya kufagia mashariki yote. Uvira, Bukavu na Goma zilikuwa zimekwisha kuanguka mwishoni mwa mwaka uliotangulia, moja baada ya nyingine, ndani ya siku zisizofika kumi na tano. Wakazi wa kandokando ya Ziwa Tanganyika hawakushangaa. Askari wa Rais Mobutu walimfahamu: hasomeki katika orodha ya mishahara, anajilipa kwa kizuizi cha barabarani na kwa kapu la mvuvi. Mzee mwenyewe alipougua na kwenda kutibiwa Uswisi, nani afie Kinshasa?

Mtu aliyekabidhiwa kazi ya kuigeuza hali hiyo aliitwa Mahele Lieko Bokungu. Mobutu alirudi kutoka Ulaya Desemba 17, 1996, baada ya miezi minne ya matibabu ya saratani, na karibu jambo lake la kwanza lilikuwa kumrudisha Mahele katika ukuu wa majeshi. Nasema alirudishwa kwa sababu kiti hicho alikuwa amekikalia kabla, akang'olewa. Hapo ndipo penye kisa chote.

Mahele alizaliwa Léopoldville mwaka 1941, katika familia ya Wambuza wa Equateur. Alitoka mkoa mmoja na Rais, ila si kabila moja, na katika Zaire ya miaka ya themanini tofauti hiyo ilikuwa na uzito kuliko nyota za begani. Jina lake lilipanda Mei 1978. Wapiganaji wa FLNC, warithi wa jeshi la zamani la Katanga, walivuka kutoka Angola kupitia Zambia, wakautwaa mji wa madini wa Kolwezi. Kinshasa ikadondosha kampuni ya askari miavuli juu ya mji, ikachinjwa. Wakati huohuo Meja Mahele alikuwa njiani kwa magari na kikosi chake cha miavuli cha 311, akitokea Lubumbashi. Mei 17 akauteka uwanja wa ndege na kuushika. Siku mbili baadaye Wafaransa wa Kanali Erulin waliruka, na magazeti ya Ulaya yakawapa sifa zote. Ukweli ni kwamba kabla yao kulikuwa na Mzaire aliyekwisha kufika kwa barabara na hakukimbia.

Huku kwetu, askari miavuli hao tuliwaona kwa sura nyingine. Novemba 1984 wapiganaji wa PRP, chama kidogo cha Laurent-Désiré Kabila kilichojificha milima ya Fizi tangu 1967, waliuvamia mji wa Moba, kusini mwa Kalemie. Waliushika kwa siku mbili hivi, kisha miavuli wakaukomboa. Mwaka uliofuata wakarudi tena, wakafukuzwa tena. Kijeshi ulikuwa ushindi mwepesi. Kwa raia haukuwa mwepesi: Amnesty International iliripoti watu kukamatwa, kuteswa na kuuawa, wakituhumiwa kuwasaidia waasi. Mkoa ulijifunza kwamba jeshi hodari la Zaire lilikuwepo, na kwamba uhodari wake haukuwa kinga kwa mwananchi. Kabila naye akatoweka upande wa pili wa ziwa, na Kinshasa ikamsahau.

Mobutu alikuwa na mtindo wake na wanajeshi wake bora. Kanali Léonard Mulamba aliyeilinda Bukavu mwaka 1964, shujaa wa kweli wa Kivu, alifanywa waziri mkuu baada ya mapinduzi ya Novemba 1965; kabla mwaka haujatimia akavuliwa cheo na baadaye kutumwa ng'ambo kuwa balozi. Machi 1978, miezi miwili tu kabla ya Kolwezi, watu 13 waliuawa kwa tuhuma za njama, wengi wao maofisa. Ofisa aliyesoma na kupendwa na askari alikuwa hatari kuliko adui wa mpakani, kwa kuwa adui wa mpakani angeweza kuitiwa Ufaransa, Ubelgiji au Moroko.

Kwa hiyo jeshi lilikatwa vipande. Ulinzi wa Rais ukawa DSP, kikosi kilichofunzwa na Waisraeli na kuongozwa na Jenerali Nzimbi, jamaa yake Mobutu. Walinzi wa Raia wakawa chini ya Jenerali Baramoto, Mngbandi mwenzake. Miavuli ya brigedi ya 31 ilifunzwa na Wafaransa. Mahele akapewa SARM, idara ya ujasusi wa kijeshi. Kila jemadari alikuwa na hazina yake na silaha zake, na kila mmoja akampeleleza mwenzake. Ni kama nyumba ambayo kila chumba kina mlinzi na mlango wa mbele hauna mtu.

SARM haiwezi kupitwa kwa haraka na wale wanaomtaka Mahele awe mtakatifu. Kinshasa ya miaka hiyo iliwaogopa watu waliokuja usiku na gari lisilo na namba, waliopewa jina la bundi, na idara hiyo ilihusishwa nao. Oktoba 1990 Mahele aliongoza vikosi vilivyotumwa Rwanda kumsaidia Rais Habyarimana dhidi ya waasi wa RPF. Vikosi hivyo vilipora huko hadi wenyeji wao wakaomba viondoke.

Hata hivyo alikuwa na jambo moja adimu: alichukia askari mwizi. Septemba 1991, brigedi ya 31, ileile iliyomkuza, ilianza uporaji mkubwa kutokea Ndjili kwa sababu ya mishahara, nchi nzima ikafuata. Mahele alijulikana kwa kuamuru waporaji wapigwe risasi, na akapanda kuwa mkuu wa majeshi. Januari 1993 Mobutu aliwalipa askari kwa noti mpya ya zaire milioni tano ambayo waziri mkuu Tshisekedi alikuwa ameikataa na masoko yakaikataa. Askari wakapora upya. Balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, akauawa. Mwaka huohuo Mahele akaondolewa. Nzimbi na Baramoto wakabaki.

Ndiyo maana nasema Kalemie ilipotezwa miaka mingi kabla ya Februari 1997. Jemadari aliyeitwa Desemba 1996 alipewa cheo bila jeshi. DSP haikumtii, Walinzi wa Raia hawakumtii, na mamluki walioletwa Kisangani, Waserbia na wenzao, walikuwa na mabwana wao. Alitishia tena kuwapiga risasi waporaji, lakini askari wenyewe walikuwa wanarudi nyuma mbele ya makadogo, askari watoto wa AFDL, na nyuma ya makadogo hao walikuwapo Warwanda na Waganda. Kisangani ilianguka Machi 15. Lubumbashi ikafuata Aprili. Kenge, karibu na Kinshasa, ilipiganiwa kweli mwanzoni mwa Mei, nayo ikaenda.

Hapo Mahele alifanya hesabu yake. Kwa kupitia balozi wa Marekani, Daniel Simpson, alianza mawasiliano na upande wa Kabila, kiongozi wa AFDL na mtu yuleyule wa Moba, ili Kinshasa isigeuzwe uwanja wa vita. Usiku wa Mei 15 majenerali walimwambia Mobutu kwamba hawawezi tena kumhakikishia usalama. Asubuhi ya Mei 16 Mobutu akaruka kwenda Gbadolite. Jioni yake Mahele alikwenda kambi ya Tshatshi kuwatuliza askari wa DSP waliojiona wametelekezwa. Walimpiga risasi hapohapo. Alikuwa na miaka 56. Kongolu, mtoto wa Mobutu, alitajwa sana katika mauaji hayo. Alivuka mto kwenda Brazzaville na kufia Monaco mwaka 1998. Baramoto na Nzimbi nao walivuka salama. Mobutu alifia Rabat Septemba 7, 1997, baada ya ndege iliyomtoa Gbadolite kufyatuliwa risasi na askari wake mwenyewe.

Wafuasi wa Mobutu wanamwita Mahele msaliti mpaka leo. Lakini Mei 17 makadogo waliingia Kinshasa kwa miguu, wengi wakiwa na ndala, na mji wa mamilioni ya watu haukupigwa mizinga. Mamluki waliokodishwa hawakuleta matokeo hayo, wala majenerali waliokwisha kuvuka mto. Kwa lile alilolifanya katika majuma yake ya mwisho, Mahele anastahili heshima. Kwa lile SARM ililolifanya, anastahili kuulizwa. Kongo imemnyima yote mawili.